Kisu cha mfukoni: nilivyoacha kununua cha kutisha nikanunua cha kukata

Kovu la kidole changu cha shahada nililipata nikitoboa mkanda. Kisu chenyewe kilikuwa kipya, cha bei rahisi, kizito kama nyundo, ubapa mweusi wenye meno nusu na picha ya fuvu ubavuni. Nilipokandamiza ncha, kile kibati cha ndani kinachozuia ubapa usirudi kikateleza, kisu kikajifunga huku kidole kikiwa katikati. Nyuzi tatu. Na sikuwa na wa kumlaumu, maana nilikinunua kwa sababu kilitisha.

Sikukimbilia kununua kingine. Kwa wiki mbili nikawa naandika kwenye daftari kila nilipotamani kuwa na kisu: utepe wa boksi, kamba ya nailoni, uzi uliochomoza kwenye shati, penseli, chungwa. Hakuna kazi iliyotaka ubapa mrefu kuliko kidole cha kati, wala meno. Meno hukata kamba vizuri, ila siku ya kuyanoa utajuta.

Kwenye habari za vyuma ndiko nilikopotea. Kuna aina iitwayo 8Cr13MoV, iliyojaa kwenye visu vya bei nafuu vya China. Kuna D2, inayosifiwa kwa kushika makali, lakini kromiamu yake, ile inayozuia kutu, ni asilimia 12 hivi tu, kwa hiyo ukiizembea jasho la mfukoni huiwekea madoa ya kutu. Watu wanabishana usiku kucha juu ya hizi. Mimi nilikuja kuona kwamba unene una maana zaidi. Ubapa mnene, hata uwe mkali kama wembe, haukati boksi vizuri. Unalisukuma na kulipasua kama shoka.

Basi dukani nikaacha kuulizia chuma. Nilikuwa nafungua kisu, nashika ubapa kwenye pande zake zisizo na makali na kuutikisa juu chini, kulia kushoto. Ukicheza, nakirudisha. Kisha nagonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Viwili vilijifunga palepale. Muuzaji akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. Mwisho nakifunga na kuchungulia: ncha izame yote ndani ya mpini, isichungulie nje hata kidogo, la sivyo siku moja utaingiza mkono mfukoni uikute.

Nilichochukua ni Opinel namba 8, ya Ufaransa, ile ya chuma kisichoshika kutu. Ubapa sentimita 8.5, mwembamba, na kisu kizima hakifiki gramu 50. Komeo lake ni pete tu ya chuma, iliyobuniwa 1955. Unaizungusha kwa kidole gumba, basi. Hakuna springi ya kuchoka. Kina kero zake: kukifungua kunataka mikono miwili, hakina klipu ya kukishikiza mfukoni, na mpini wake wa mti ukilowa huvimba, ubapa ukang'ang'ania ndani. Mara ya kwanza nilivuta mpaka kucha ikakatika. Kumbe unagonga kitako cha mpini mezani, ubapa unachomoza kidogo, unaudaka. Siku hizi naupaka mpini mafuta ya kitani na tatizo limepungua.

Jambo ambalo ningepaswa kulianza nalo ni sheria. Uingereza, kwa mfano, kisu unachoweza kutembea nacho bila kutoa sababu ni cha kukunja, kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.6 hivi). Changu huko kingekosea mara mbili. Kwa hiyo kila nikisafiri naulizia kwanza, na nikiwa na shaka nakiacha nyumbani.

Makali nayarudisha kwa kinoo, dakika tano, kila baada ya wiki kadhaa. Kile chenye fuvu kimo kwenye sanduku la zana. Nakitumia kikiwa kimefungwa, kupigilia misumari midogo.