Hatimaye taa na sensa zinaelewana

Jamani, leo nimefurahi! Kwa miezi kadhaa simu yangu ilikuwa na programu tatu: ya taa, ya soketi, na ya sensa (vihisi) za mlango na mwendo. Kila kampuni na yake, na hakuna iliyoitambua nyingine.

Nikaweka Home Assistant, programu moja ya kuendesha vifaa vyote vya nyumbani, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana. Nikachomeka kijiti cha USB cha Zigbee, mawasiliano ya redio yanayotumiwa na taa na sensa, nikaanza kuunganisha kifaa kimoja kimoja. Taa zilikubali upesi. Soketi ni za waifai, nazo hazikunisumbua. Sensa ya korido ndiyo iliyonitoa jasho: inaunganishwa, inakaa saa moja, inapotea. Nilibadilisha betri mara mbili, bure.

Kumbe tatizo ni pale nilipokichomeka kijiti! Tundu la USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na Zigbee inaongea humohumo. Nikakihamishia tundu la USB 2.0 kwa waya wa kurefusha wa mita moja, kikakaa mbali na Pi. Waifai nikaiweka chaneli 1, Zigbee chaneli 25, zisigombane. Tangu hapo sensa haijapotea hata mara moja.

Mkinunua vipya, tafuteni vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka 2022 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane. Ila vya zamani msivitupe, bado vinafaa.

Jana usiku mama aliamka kunywa maji. Alipokanyaga tu korido, taa ikawaka taratibu, asilimia 10, ikammulikia hadi jikoni. Hakupapasa ukuta.