Ziwa Amboseli na maji yaliyo chini ya vumbi lake

Mara ya kwanza niliposimama katikati ya Ziwa Amboseli, kaskazini mwa Kilimanjaro, hapakuwa na tone la maji. Palikuwa na ardhi nyeupe iliyopasukapasuka na mazigazi yaliyowafanya punda milia waonekane wakielea. Nilibomoa gamba la juu kwa kisigino. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu, na unga ulioganda kidoleni nilipouonja ulikuwa na ladha ile ile ya magadi tunayotia kwenye maharage.

Mvua ilikuwa imekwisha miezi kadhaa kabla, kwa hiyo unyevu ule ulikuwa ukipanda kutoka chini. Ziwa hili hufurika mvua zinapokuwa kubwa, lakini kwa kuwa sakafu yake ni udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji kwa urahisi, sehemu kubwa ya mafuriko hayo huishia hewani. Maji ya chini ya ardhi yana safari nyingine: mvua ya misitu ya mlimani hupenya kwenye miamba ya volkano, hushuka chini kwa chini, na kuibuka katika vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye, ambako tembo hujitosa hadi tumboni hata wakati wa kiangazi. (Wageni hupenda kuishukuru theluji ya kileleni, ingawa mchango wake ni mdogo sana.) Mahali ambapo maji hayo yamekaribia uso wa nchi bila kupata pa kutokea, udongo huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, jua huyachukua, chumvi hubaki.

Chumvi hiyo ndiyo iliyozua ubishi wa migunga. Misitu ya migunga ya Amboseli ilipoanza kufa kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960, lawama ziliangukia mifugo ya Wamaasai na pia tembo, hadi mwanaikolojia David Western alipoeleza kwamba maji ya chini yalikuwa yamepanda na kuifikisha chumvi kwenye mizizi. Utafiti wa baadaye uliwarudishia tembo sehemu kubwa ya kosa, na kwa maoni yangu sababu hizo mbili hazipingani, kwa sababu mti uliokwisha kudhoofishwa na chumvi haustahimili kubanduliwa magome.

Jioni nilimkuta mchungaji akiwaondoa ng'ombe wake chemchemini. Alikuwa akiwapeleka ziwani kulamba chumvi.