Tairi lilikuwa na kashata, lakini pikipiki ikawa inateleza

Boxer yangu ya zamani ilikuwa ikiteleza nyuma kila lami ikilowa, ingawa kashata za tairi, yaani vile vinundu vya kushika barabara, zilikuwa bado ndefu. Jibu nililikuta ubavuni, kwenye tarakimu 4 za mwisho wa maandishi ya DOT, namba ya kiwandani inayoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2212. Yaani wiki ya 22, mwaka 2012. Mpira ulishakauka na kupasuka vijiufa.

Nikanunua saizi ileile, 3.00-17, na tyubu mpya. Dukani walitaka nichukue pana zaidi. Nikakataa, ringi ni nyembamba na mnyororo upo karibu. Safari hii tarehe niliisoma kabla ya kulipa.

Kazi ilikuwa kulifunga. Tyubu ya kwanza niliitoboa kwa chuma cha kubandulia. Ya pili niliitia upepo kidogo ishike umbo, nikapaka tairi maji ya sabuni, nikafuata mshale wa mzunguko. Nikaanzia mkabala na vali na kumalizia penye vali, huku goti likikandamiza ukingo wa tairi uzame katikati ya ringi. Ukizama vizuri, hauhitaji nguvu nyingi! Nikajaza upepo hadi psi 28, nikazungusha gurudumu: mstari wa ubavuni ulikuwa sawa pande zote, yaani tairi limekaa vizuri kwenye ringi.

Jana mvua ilinyesha. Nilishika breki mteremkoni, pikipiki ikatulia.