Lebo haitoshi kwa dawa ya uongo

Mama mdogo kanitumia video ya daktari anayefahamika sana hapa kwetu, eti anauza dawa inayoponya kisukari kabisa. Sura yake, sauti yake, ila midomo inapishana na maneno, yaani imeghushiwa. Nikairipoti kwenye mtandao ilikotoka. Jibu: haivunji kanuni zao. Imeniuma, maana mama mdogo alishaanza kuulizia bei na anatumia insulini.

Kigugumizi hiki si cha leo. Mei 2019 video ya Nancy Pelosi, Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani wakati huo, ilipunguzwa kasi ili aonekane amelewa. YouTube waliifuta, Facebook waliiacha, wakapunguza tu usambaaji wake na kuambatanisha maelezo ya wahakiki wa ukweli wa habari. Twitter walianza kubandika lebo za tahadhari kwenye video zilizochezewa Machi 2020. Meta, wenye Facebook, walipoanza mwaka 2024 lebo zao za kuonyesha kilichotengenezwa na akili mnemba, zikaangukia hata picha halisi za wapiga picha, wakabadilisha maneno ya lebo hizo Julai.

Siasa ina mabishano yake, sawa. Lakini video inayomfanya mgonjwa aache sindano ifutwe, siku hiyohiyo. Nimeiripoti tena, safari hii kama utapeli. Mkikutana nayo, tafadhali nanyi iripotini hivyo.