Mpira wa kusikika: golboli kwenye uwanja wa shule Moshi

Mtoto asiyeona akipewa kazi ya kulinda mabegi ya wenzake wakati wa michezo, hajashirikishwa. Ameajiriwa.

Golboli, mchezo ambao timu moja huviringisha mpira wenye sauti na nyingine huuzuia, inamwingiza uwanjani. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, ukaingia Paralimpiki mwaka 1976. Timu ni watu watatu, uwanja mita 18 kwa 9, na wachezaji wote hufungwa macho, hata wasioona kabisa. Kwa darasa la tatu, nusu ya uwanja huo inatosha.

Mpira rasmi una njuga ndani na uzito wa kilo 1.25. Wa kwenu tengenezeni kama wa chandimu: chukua kopo dogo la plastiki lenye upana unaokaribiana na urefu wake (kopo refu litayumba), tia vizibo vinne au vitano vya soda, kaza kifuniko. Ukilijaza, vizibo havipati nafasi ya kugongana. Zungushia matambara mikunjo miwili tu, kisha kaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Matambara yakizidi, sauti inamezwa. Ujanja wa kuuvika mfuko wa rambo ili uchakarike sahau. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019.

Mpira huviringishwa, haurushwi, kwa sababu ukiwa hewani hausikiki vizuri. Nyasi na vumbi jingi la kiangazi navyo huua sauti, kwa hiyo tafuteni ardhi ngumu. Mistari ni kamba ya katani iliyokazwa chini na kufukiwa nusu, ili miguu na viganja viihisi bila mtu kujikwaa.

Kinachoharibu zaidi ni kelele. Msicheze wakati wa mapumziko, chezeni kipindi cha michezo, na mwamuzi aseme "Kimya!" kabla ya kila mpira. Watoto watachungulia chini ya kitambaa, hilo halina mjadala: kunja kipande cha kanga mara tatu na weka pamba pembeni mwa pua.

Timu zipangwe kwa kura. Manahodha wakichagua, wa mwisho anajulikana mapema. Baada ya raundi chache, anayeona kwa kawaida ndiye anapapasa huku mwenzake ameshauzuia mpira, na hapo ndipo maombi ya "mwalimu, nipange naye" huanza.

Mwenye ualbino achezee kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu, na apake Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC hapa hapa Moshi. Kwa mtoto kiziwi anzeni na rede, kipenga kikibadilishwa na kitambaa chekundu.

Wakati wa kwenda uwanjani, asiyeona ndiye ashike kiwiko cha mwenzake, akitembea nusu hatua nyuma. Akivutwa mkono, hajui ngazi iko wapi.