Mama aliyeigiza kwa jina letu

Jana usiku baridi ya Uyole ilitufungia jikoni. Mdogo wangu wa kidato cha 3 akaniuliza, "Dada, hivi msichana mweusi anaweza kufika angani kweli?" Nikamweleza habari za Nichelle Nichols.

Mama huyu alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1932. Alianza kwa kuimba na kucheza dansi, hata na bendi ya Duke Ellington aliimba. Mwaka 1966 akaingia kwenye tamthilia ya Star Trek kama Luteni Uhura, afisa mawasiliano wa chombo cha angani. Na jina hilo limetokana na neno letu, uhuru! Mdogo wangu akaacha kumenya viazi, akanikodolea macho.

Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha arudi jukwaani. Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi Marekani, ndiye aliyemsihi abaki, maana pale mtu mweusi alionekana ana akili na heshima zake. Akabaki hadi 1969. Baadaye akafanya kazi na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, akiwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Alifariki 2022.

Leo asubuhi nimekuta "Uhura" limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari la fizikia. Machozi yamenilenga.