Mapengo ya mikarafuu: mwaka wa kwanza

Shamba letu liko Mtambwe, Pemba, kwenye mteremko unaoshukia bonde la mpunga. Alilianza babu wa babu yangu, na tangu hapo halijauzwa. Kazi niliyojipa ni kuziba mapengo: kila palipokufa mkarafuu, upandwe mwengine uliotokana na mbegu ya shamba hili hili. Miche ya vitalu vya serikali ipo na hugaiwa bure, sina neno nayo. Lakini mikongwe hii imetuvisha na kutusomesha, nataka kizazi chake kibaki.

Kabla ya kupanda ilibidi kuhesabu. Kwetu ardhi ni ya ukoo mzima, ila mti una mwenyewe: aliyeupanda, kisha warithi wake. Nikaenda na ami, mimi na daftari, yeye na bakora akigusa shina moja moja. "Huu wa shangazi yako. Huu wa bibi yako, uliwahi kuwekwa rehani, ukakombolewa. Huu tuliuchuma siku tatu, mwaka alioolewa dada yako." Siku mbili tulizunguka. Mikarafuu hai 61, mapengo 23, na mashina manne ambayo mchwa wameyala ndani, yamebaki maganda.

Nilimuuliza kwa nini wazee walipanda hadi kwenye ukingo ambao hata kusimama ni taabu. Akanirudisha kwenye kimbunga cha 1872, kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo karafuu ikawa ni Pemba, na kila mwenye kipande akapanda hadi mwisho wake.

Mbegu ndiyo iliyonisumbua. Mwezi wa kumi mwaka jana nilikusanya mpeta, yaani tunda la mkarafuu lililoiva lenye mbegu ndani, nikauanika kama tunavyoanika karafuu, nikautia kwenye kopo wiki mbili nikingojea vuli ikolee. Haukuota hata mmoja. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki, ikikauka imekufa. Iliniuma sana, maana miti ilizaa kidogo na mpeta ulikuwa wa kutafuta.

Mwezi uliofuata nikaokota upya, ule uliokwisha kupiga weusi wa zambarau. Nikauroweka usiku kucha, asubuhi nikaumenya kwa vidole, na siku hiyo hiyo nikapanda kwenye viroba vya udongo uliotoka chini ya mikarafuu yenyewe, juu nikaweka kivuli cha makuti. Wiki ya nne yakachomoza majani mawili madogo, mekundu mekundu kama yaliyotiwa hina. Nilimwita ami aje aone, akaja na kanzu yake ya msikitini akachuchumaa matopeni.

Leo, miezi kumi baadaye, katika mbegu 80 iko hai miche 52, yenye urefu wa shibiri. Nimeanza kupunguza makuti ili izoee jua. Mashimo nitachimba mwezi wa pili, nipande masika yakianza, na migomba kando iipe kivuli. Kuzaa, Mungu akipenda, ni miaka sita au saba mbele, pengine zaidi.

Limebaki daftari. Pengo la kwanza ni pale uliposimama mti mwengine wa bibi. Aliyepanda ndiye mwenye mti, basi ungekuwa wangu, lakini mbegu nimeiokota chini ya mti wa shangazi. Nilimuuliza ami niandike jina la nani. Alinyamaza kitambo, akasema tungoje Ijumaa, shangazi anakuja kutoka Wete. Mstari ule nimeuacha wazi.